Maswali yenu kuhusu neno "baridi"

Wiki hii maswali mengi yameangukia kwenye neno moja, acha niyajibu yote hapahapa.

"Nasikia baridi" ni sahihi? Naambiwa baridi haisikiki kwa masikio.

Ni sahihi kabisa. Kusikia kwetu hakuishii masikioni, tunasikia njaa, tunasikia kiu, tunasikia maumivu, sasa baridi ina kosa gani? "Nahisi baridi" sawa, "naona baridi" pia sawa. Kinachoniumiza ni "mimi ni baridi", hiyo hapana jamani.

Maji baridi au maji ya baridi?

Yote yapo. Ukitaka yaliyotoka kwenye friji utaeleweka kwa lolote, ingawa kwenye mazungumzo wengi tunasema ya baridi na kinyume chake ya moto, na ndo maana soda ambayo haijaingia friji inaitwa soda ya moto wakati hakuna aliyeipasha, yaani moto hapo ni kukosa ubaridi tu, na mimi napenda sana lugha inavyojipanga hivyo. Ila maji baridi yana maana nyingine kabisa, ni maji yasiyo na chumvi, ya mito na maziwa. Sato ni samaki wa maji baridi hata kama ziwa limepigwa jua mchana kutwa, kwa hiyo ukikutana na maneno hayo kwenye habari za uvuvi usifikirie joto wala ubaridi, fikiria chumvi.

Mbona hatusemi "mabaridi" kama "mazuri"?

Limetoka Kiarabu, kama safi, ghali na rahisi, na hayo hayabebi viambishi. Chumba baridi, vyumba baridi, basi.

Baridi yabisi na vita baridi vinahusu hali ya hewa?

Hapana. Baridi yabisi ni ugonjwa wa viungo, vinauma na kukakamaa, hata anayeishi kwenye joto anaupata. Vita baridi ni ule uhasama wa Marekani na Umoja wa Kisovieti baada ya Vita vya Pili vya Dunia mpaka 1991, silaha zilirundikwa, vitisho kila siku, ila wao kwa wao hawakuingia vitani uso kwa uso.

Chai iliyopoa na chai ya baridi ni kitu kimoja?

Kupoa kunakuambia ilikuwa ya moto na joto limetoka, tena si lazima iwe vibaya, uji ukishapoa ndo unampa mtoto. Baridi haikuambii kitu kilianzaje. Hata mgonjwa tunamwombea apoe, lakini ukisema mwili wake umekuwa wa baridi watu wataelewa amefariki.