Ardhi au serikali za mitaa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina shahada ya sheria, na huu ni mwaka wa pili niko halmashauri ya wilaya kama afisa sheria. Natamani kurudi chuo nisome uzamili, kisha nifundishe. Nichague sheria ya ardhi au ya serikali za mitaa? Mjomba anasema zote hazina soko, bora mafuta na gesi.

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mjomba msalimie. Kama anazungumzia mshahara, sina la kumbishia.

Ila hiyo "au" yako ifute. Fungua Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, kifungu cha 8: halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji uridhie. Halmashauri hiyo inapatikanaje, na mkutano mkuu ni wa akina nani? Hapo unahamia Sheria Na. 7 ya 1982, ya serikali za mitaa kwa mamlaka za wilaya. Na kama ugomvi ni eneo la malisho lililojengwa nyumba, kuna sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2007. Shamba moja, sheria tatu.

Nikikusanya data za uzamivu, ofisi moja ya kijiji walinishushia daftari la mihtasari kutoka juu ya kabati, limejaa vumbi. Mkutano uliompa mwekezaji ardhi ulikuwa na mahudhurio ya kurasa nne: wino mmoja, saini zote zimelalia kulia, mzee mmoja kasaini mara mbili. Nikamuuliza mtendaji. Akatazama dirishani, akasema, "Siku ile mvua ilikuwa kubwa." Sura yangu ya tatu yote ilitoka kwenye mvua ile.

Wewe mihtasari kama hiyo inapita mezani kwako kila wiki. Lakini usithubutu kudurufu jalada la ofisi kwa ajili ya tasnifu! Omba kibali cha utafiti kama mgeni yeyote.

Uzamili utakufikisha uhadhiri msaidizi. Kuvuka hapo ni uzamivu na machapisho. Kabla ya kuandika pendekezo, soma ripoti ya Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi, ya 1991–1992, chini ya Profesa Issa Shivji. Malalamiko mengine ya wananchi yaliyomo humo utadhani yameletwa ofisini kwako Jumatatu iliyopita. Anza na moja ya hayo, na ruhusa ya masomo iombe mapema, kwa barua.