Pete ya almasi, milioni 3 na washauri wanne

"Shikamoo shangazi. Mimi kijana wa miaka 29, nipo Tabata, nataka kumvisha pete mchumba wangu mwezi wa 12. Nimejibana miaka miwili nimepata milioni 3. Yeye alishasema anataka almasi, sio 'vile vipete vya kumeremeta'. Sasa kila mtu ananivutia kwake. Rafiki yangu anaenda Dubai kufunga mzigo anasema nimpe hela aniletee, kuna peji ya Instagram inauza pete ya almasi laki 4 wanaleta hadi mlangoni, duka moja la mjini wameniambia milioni 2 na laki 8 nikaonyeshwa kajiwe kama punje ya mtama, na binamu yangu wa Shinyanga anasema niache ushamba, almasi zinatoka kwao, atanitafutia jiwe kwa mtu. Shangazi sitaki kuibiwa na sitaki aibu. Ninunue wapi? Nimebanwa, Tabata."

Marahaba mwanangu. Nitakujibu wapi, ila acha nianze na binamu maana huyo ndo anaweza kukupeleka polisi kabla hujafika ukweni.

Ni kweli almasi zinatoka kwao. Mgodi wa Mwadui pale Shinyanga, Williamson yule mjiolojia wa Kanada aliugundua 1940, na mwaka 1947 likatoka jiwe la pinki, karati 54.5, akapewa Princess Elizabeth wa Uingereza zawadi ya harusi yake. Sasa piga hesabu na mimi: lile jiwe lilipokatwa kule London likabaki karati 23.6. Zaidi ya nusu imeondoka na msasa, na hilo ni jiwe la mtoto wa mfalme, mafundi walilikata huku wanashika pumzi. Kajiwe ka binamu kakikatwa kanabaki nini, na hapo Tabata nani anakukatia? Tena almasi ghafi wala haing'ai vile unavyodhani, inafanana na shabu, hii hii shabu tunayojipaka kwapani, wewe na mimi tukiwekewa vyote viwili mezani hatujui kipi ni kipi. Na kununua jiwe ghafi mtaani bila leseni ya madini ni kosa la jinai. Binamu mshukuru, mwambie umeshapata.

Instagram laki 4. Hiyo peji naomba ukaisome tena walivyoandika, nina uhakika kuna sehemu wameandika "18 karati" halafu neno almasi liko pembeni yake. Hapa ndo watu wengi wanapigwa na wala sio wajinga, ni hili neno tu linatuchanganya. Karati ya dhahabu ni usafi, 24 ndo safi kabisa, kwa hiyo 18 maana yake robo tatu ni dhahabu na iliyobaki ni madini mengine, ndo maana ndani ya pete unaona wamegonga kamuhuri ka 750. Karati ya almasi ni uzito, karati moja ni gramu 0.2. Sa mtu akikwambia "pete ya almasi karati 18" jiulize, jiwe la karati 18 ni gramu 3.6, mchumba wako angetembea nalo hivi hivi kwenye daladala?

Hilo la laki 4 litakuwa zikoni, au wakijitahidi sana moissanite, yote mawe ya kutengenezwa yanayofanana na almasi tu. Sio mawe mabaya, mabaya ni kuyaita almasi. Na hapa nakuhadithia kitu changu, baba watoto hasomi safu hii yeye anasoma kurasa za mpira tu. Pete yangu ya uchumba alinunua duka moja la mjini, akaambiwa almasi, akalipa hela ya almasi. Nimeivaa miaka, naoshea vyombo, nafua nayo, baadaye nikaona jiwe limefifia kama kioo cha bafuni. Nikampelekea sonara mmoja mzee, akaitazama na kile kimiwani chake cha kukuzia, kimya, akachukua kikalamu fulani cha kupimia akagusisha kwenye jiwe, hakikulia. Akanigeuzia nione mwenyewe, kingo za jiwe zimelika zimekuwa butu, mikwaruzo kila mahali. Akasema mama hii ni zikoni, almasi hailiki na sufuria. Halafu akatoa pete nyingine kwenye droo, akagusisha, ikalia piii, akacheka akasema na hii sio, hii ni moissanite, hiki kikalamu kinapima jiwe linavyopitisha joto na moissanite inapitisha joto karibu sawa na almasi kwa hiyo inakidanganya. Kwa hiyo muuzaji akikuletea kikalamu kikalia mbele yako usipige makofi, muulize kama anacho kile kingine cha kutenga moissanite.

Nilirudi nyumbani na pete yangu, sijasema hadi leo. Hiyo ndo aibu unayoikwepa, mwanangu, na angalia ilitoka duka lenye milango ya vioo na kiyoyozi, sio kwa machinga.

Dubai sina ubaya nayo. Pale Deira kwenye soko la dhahabu, dhahabu ni dhahabu, bei ya gramu inatangazwa kila siku, unabishana bei ya ufundi tu. Ila anayeenda sio wewe. Anayeenda anawaza majinsi na viatu vyake, siku ya mwisho saa mbili usiku ndo anakumbuka pete, anaingia duka la kwanza lenye taa. Ikija saizi sio, unairudisha na ndege gani? Ikigundulika jiwe sio, risiti ina jina la nani? Unapoteza pete na rafiki kwa mpigo. Kama ungepanda ndege mwenyewe tungeongea mengine.

Basi imebaki mjini. Sisemi duka lile lile walilokuonyesha punje ya mtama, ingawa na hao usiwakasirikie bure, kwa hela yako jiwe la kuchimbwa ni dogo, ndo bei zake. Ninachosema nunua mahali ambapo mwezi wa 3 pete ikimbana au jiwe likitikisika unaingia mlangoni na yule aliyekuuzia anakuona usoni. Zunguka kwa masonara hata watatu siku moja, usiende na hela mfukoni, hela inamfanya mtu asisikie. Waulize cheti cha jiwe. Kikiwa cha GIA, wale wapimaji wa mawe wa Marekani, kina namba, na mara nyingi namba hiyo hiyo imechongwa kwa leza kwenye kiuno cha jiwe, herufi ndogo hazionekani kwa macho, mwombe kimiwani uisome mwenyewe tarakimu kwa tarakimu, halafu hapo hapo toa simu uiweke kwenye tovuti ya GIA uone uzito na rangi vinafanana na kilichoandikwa. Akinuna mwambie asante, toka. Kingine, wakisema "nusu karati" uliza ni jiwe la katikati peke yake au wamejumlisha na vile vichenga vya pembeni, maana vichenga ishirini havifanyi jiwe moja, bei yake ni mbali kabisa. Na risiti iandikwe kila kitu, dhahabu karati ngapi gramu ngapi, jiwe aina gani uzito gani namba ya cheti ngapi. Risiti ya "pete moja" ndo aliyopewa mume wangu.

Sasa kuna kitu hukukiuliza. Almasi ya maabara, ile inayotengenezwa kwa mashine badala ya kuchimbwa. Hiyo ni almasi kweli, sio ya bandia, kaboni ile ile, ugumu ule ule, kwa macho hata sonara hawezi kuitofautisha, inataka mashine. Imeshuka bei sana miaka hii, kwa bajeti yako unapata jiwe la kuonekana kutoka upande wa pili wa meza. Wapo watakaokwambia haina thamani ukiiuza, ni kweli, ila nenda kaiuze na hiyo ya kuchimbwa uone sonara atakupa ngapi, hakuna anayenunua pete ya uchumba ili aje aiuze labda kama ndoa umeshaiona mwisho wake. Mimi kwa upande wangu ningechukua ya maabara. Ila hapo siamui mimi wala wewe, mwambie yeye. Mwambie kabla, kwa mdomo wako, hii ni ya maabara na hiki ndo cheti chake kimeandikwa hivyo. Akikubali raha, akikataa anataka ya ardhini, mnunulie punje inayotosha hela yako, hata iwe ndogo kuliko ile ya mtama, na aivae akijua ni punje. Najua unataka kumsapraizi, msapraizi siku na mahali, jiwe msisapraiziane.

Halafu mbona barua nzima hujataja mahari? Usiniambie milioni 3 yote inaishia kidoleni halafu wazee wakienda ukweni wanakaa kwenye mkeka mikono mitupu. Tenga kabisa, mimi nisingevuka milioni moja na nusu kwenye pete.

Saizi usikisie. Azima pete anayovaa kidole hicho hicho, mkono huo huo, mpelekee sonara aipime kwenye ile fimbo yake. Ukikosa, zungushia uzi akiwa amelala, ila iwe jioni, asubuhi vidole vinakuwa vyembamba na Dar hii joto likipanda vinavimba.

Na binamu kama anataka sana kuchangia, alete gunia la mchele wa Shinyanga siku ya sendoff, ule hatuuombi cheti.