Kwa nini hatuhami Tuskegee: barua kwa binti yangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka kwetu. Mama yako anaendelea vizuri, na goti limepungua maumivu tangu abadilishiwe dawa.

Lile swali lako la Krismasi sikulijibu ipasavyo, maana nyumba ilijaa watu. Uliuliza kwa nini mimi na mama yako tunazeekea Tuskegee, huku Alabama, Marekani, wakati ninyi mna vyumba vya kutosha huko Dallas, na mji wenyewe, kwa maneno yako, ni chuo na maduka yaliyofungwa tu. Mwanangu, hayo maduka ndiyo sehemu ya kwanza ya jibu langu.

Mwaka 1957 Weusi walikuwa wengi kuliko Wazungu hapa mjini, na karibu 400 kati yao walikuwa wamejiandikisha kupiga kura. Bunge la Alabama likachora upya mipaka. Mji uliokuwa na umbo la mraba ukatoka na pande 28, na wapiga kura Weusi, isipokuwa wanne au watano, wakaamka wakiwa nje ya mji wao. Chuo cha Tuskegee nacho, chuo cha Weusi, kikatolewa. Mzungu mpiga kura hakuguswa hata mmoja.

Charles Gomillion, aliyekuwa akifundisha sosholojia chuoni, akaongoza watu kuacha kununua kwa Wazungu walionyamazia jambo lile. Walivumilia, wakaenda kununua mbali, na maduka mengi ya katikati ya mji yakafunga. Kesi yake ya kupinga mipaka hiyo ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na Novemba 1960 majaji wote wakawa upande wake. Mwaka uliofuata mipaka ya zamani ikarudi.

Nataka ulione jambo moja hapo. Katika miji mingi ya Kusini wakati ule, mwalimu Mweusi aliyethubutu hivyo angefukuzwa kazi kesho yake, na mwenye benki angemdai mkopo wote. Gomillion alilipwa na chuo. Madaktari na manesi waliosimama naye walilipwa na serikali ya shirikisho, katika hospitali ya askari wastaafu iliyofunguliwa mwaka 1923. Nayo ilipiganiwa: Wazungu walizitaka kazi za udaktari na usimamizi, Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, wakaandamana mjini Julai mwaka ule, lakini Robert Moton, mkuu wa chuo, akakaza mpaka madaktari Weusi wakaingia. Mtu ambaye ugali wake hautoki mkononi mwa mkandamizaji anaweza kusema hapana. Hicho ndicho kitu ambacho chuo kiliupa mji huu.

Ushindi ulikuwa na gharama. Mwaka 1963 mahakama iliamuru wanafunzi 13 Weusi waingie shule ya sekondari ya Wazungu. Gavana George Wallace akatuma askari kuizuia isifunguliwe, na wanafunzi hao walipoingia hatimaye, Wazungu wakawatoa watoto wao wote, wakawaanzishia shule yao binafsi. Baada ya muda familia nyingi zikahama, na mitaji yao pia. Barabara kuu ya I-85 inapita pembeni, kwa hiyo msafiri wa Atlanta hana sababu ya kusimama kwetu. Sisi wenyewe kwa vitu vingi tunaendesha gari hadi mji jirani wa Auburn. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu wahitimu wetu nao wanachukua njia hiyohiyo na hawarudi. Hapo ulikuwa na haki.

Ila chuoni ulipita haraka. Siku nyingine tembea taratibu. Majengo ya zamani yalijengwa na wanafunzi, kwa matofali waliyoyachoma wenyewe. Booker T. Washington, mwanzilishi wa chuo hiki, alikifungua kama shule Julai 1881 akiwa na miaka 25, wanafunzi 30, na dola 2,000 za jimbo kwa mwaka za kulipa walimu. Tanuri tatu za kwanza ziliharibika. Akaweka saa yake rehani kwa dola 15 ili kujaribu ya nne. Robert Taylor aliyechora majengo mengi alikuwa Mweusi wa kwanza kuhitimu MIT, chuo maarufu cha teknolojia cha Marekani. Mjukuu wangu akiuliza nani alijenga hapa, nitamjibu kwa majina, na wote wanafanana naye.

Unajua pia kwamba sisi wa Afrika Mashariki tuliletewa kipande cha mji huu. Mwaka 1924 tume ya elimu ya Phelps-Stokes, mfuko wa hisani wa Marekani, ilizunguka kwetu, akiwemo mwalimu Aggrey wa Gold Coast (Ghana ya leo), ikisifu elimu ya mikono ya aina ya Tuskegee, na mwaka 1925 ikafunguliwa Shule ya Jeanes, ya kufundisha walimu, pale Kabete, Kenya. Wakoloni waliipenda kwa sababu waliona seremala na mkulima bora, mtu asiyedai kura. Mimi nasema walichukua nusu ya somo. Shule hiyohiyo ya matofali ndiyo iliyomlea Gomillion na kesi yake. Ndiyo iliyokuwa na Sammy Younge, mwanafunzi aliyewahi kuwa askari wa majini, aliyepigwa risasi Januari 1966 kwenye kituo cha mafuta kwa kutaka kutumia choo cha Wazungu. Aliyemuua aliachiwa huru.

Na hapa pia, kuanzia 1932 hadi 1972, madaktari wa serikali waliwatazama mamia ya wanaume Weusi wa wilaya hii wakiugua kaswende bila kuwatibu, hata penisilini ilipopatikana. Hospitali ya chuo ilitumika katika kazi ile. Sitaki uupende mji huu kwa kufichwa lolote.

Mimi nilitoka Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, nikiwa daktari wa mifugo anayejiona mgeni kila anapoingia chumba cha mkutano Marekani. Katika chuo cha mifugo hapa, kilichosomesha sehemu kubwa ya madaktari Weusi wa mifugo wa nchi hii, hakuna aliyewahi kushangaa kuniona nimeshika sindano. Kanisani wananiita daktari. Mkulima wa mbuzi ananipigia saa nne usiku, na mama yako anamfahamu mkewe. Dallas nitakuwa babu kwenye chumba cha wageni.

Kwa hiyo hatuhami, mwanangu, angalau wakati bado nina nguvu ya kwenda zizini. Njooni ninyi, wakati wa sherehe za kuwakaribisha wahitimu, majira ya mpira, ndipo mji unapojaa na kila baraza lina moshi wa nyama. Niambie mapema, maana vyumba vya kulala wageni huisha, na mumeo ni mrefu mno kwa kochi letu.

Baba yako