Kabla hujatuma hela ya taa ya Kirumi

Ndugu yangu, umeuliza kama ununue taa ya mafuta ya Kirumi uliyoiona mtandaoni, ya udongo, yenye neno FORTIS kwenye kitako, ambayo muuzaji anadai "imechimbwa shambani Italia". Tulia kwanza.

Jina hilo halithibitishi kitu. Fortis alikuwa mtengeneza taa wa kaskazini mwa Italia, na alama yake iliigwa na mafundi wa enzi zile zile za Warumi, sembuse wa leo. Mshono wa ubavuni nao usikutishe: taa hizi zilitolewa kwenye kalibu mbili, ya juu na ya chini, zikaunganishwa udongo ukiwa bado mbichi. Masizi kwenye tundu la utambi? Hayo hata kibatari kinayatoa kwa usiku mmoja.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hilo shamba. Tangu sheria ya 1909, vitu vya kale vinavyofukuliwa ardhini Italia ni mali ya serikali. Hata wakubwa wameumia: mwaka 1972 Metropolitan Museum ya New York ilinunua chungu cha Kigiriki cha kuchanganyia divai, kilichochorwa na Euphronios, kwa dola milioni 1 hivi. Kumbe kilikuwa kimeporwa kwenye kaburi la Waetruski, watu wa kale wa Italia, karibu na mji wa Cerveteri. Mwaka 2008 kilirudishwa Italia.

Mwombe muuzaji karatasi za kuonyesha nani alikuwa nayo kabla ya 1970, mwaka wa mkataba wa UNESCO wa kuzuia biashara haramu ya vitu vya kale, pamoja na kibali cha kuitoa Italia. Akianza kuzungukazunguka, achana naye. Kama unataka tu pambo la kabatini, maduka ya makumbusho huuza nakala.