PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) imepanda baada ya mionzi, je saratani imerudi?

SWALI: Dokta habari, mi ni mzee wa miaka 67 niko Tanga, nilipigwa mionzi ya tezi dume mwaka juzi, PSA ikashuka mpaka 0.6 sasa juzi kipimo kimesoma 1.1 na tangu hapo usingizi sina kabisa, mgongo ukiuma kidogo tu nawaza imeshafika kwenye mifupa. Nimekwisha?

JIBU: Shikamoo mzee wangu, pole sana. Hapana, hujakwisha. Ukipigwa mionzi tezi yenyewe inabaki mwilini kwahiyo PSA huwa haiishi kabisa, na miaka ya mwanzo inaweza kupanda kidogo halafu ikashuka yenyewe, hata UTI inaipandisha. Madaktari huanza kusema saratani imerudi PSA ikizidi ile ya chini kabisa kwa 2, yani kwako ni 2.6. Rudia kipimo muda aliokupangia daktari, maabara ileile, majibu yote andika kwenye daftari. Ila mgongo ukiuma mfululizo hadi usiku, au miguu ikilegea, au mkojo ukagoma, usingoje kliniki, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na huo usingizi mwambie daktari wako pia, nao unatibika, mama nyumbani naye mshirikishe.