Kabla hujataja umri wa volkeno ya Mirihi

Kanuni ya kukadiria umri huo kwa kuhesabu kreta, yaani mashimo yaliyochimbwa na vimondo, ni nyepesi. Vimondo huanguka miaka nenda miaka rudi, kwa hiyo uso wenye kreta nyingi umekaa wazi muda mrefu kuliko wenye kreta chache. Lava mpya ikizifunika, hesabu huanza upya. Ndiyo maana unachopima ni umri wa lava ya juu kabisa, si wa mlima wenyewe. Olympus Mons, volkeno kubwa ya Mirihi, ni mlima wa mabilioni ya miaka, lakini sakafu za kasoko yake (shimo la kileleni) zimekadiriwa kuwa na miaka milioni 100 hadi 200 tu.

Kwenye picha, chora mpaka kuzunguka mtiririko mmoja wa lava, usichanganye miwili. Pima eneo lake kwa kilomita za mraba, kisha amua kipenyo cha chini: angalau pikseli 10. Picha za CTX, kamera iliyo kwenye chombo kinachoizunguka Mirihi, zina takribani mita 6 kwa pikseli, basi kreta ya chini ya mita 60 iache. Iliyokatwa na mpaka ihesabu ikiwa kitovu chake kimo ndani.

Ugumu hasa uko katika kujua cha kuacha. Tazama kwanza mwanga unatoka upande gani, la sivyo macho yatakugeuzia shimo kuwa kilima. Kreta ya kimondo huwa duara lenye ukingo ulioinuka. Shimo lisilo na ukingo huo, lililojipanga mstari na mengine, huenda ni paa la pango la lava lililoporomoka. Vishimo vilivyosongamana, vyenye umbo la yai, mara nyingi vimechimbwa na mawe yaliyorushwa kutoka kreta kubwa moja; ukivihesabu, umri unapanda bure. Duara hafifu lililojaa lava nalo liache: lilikuwapo kabla ya lava unayoipima. Vumbi hufanya kinyume chake, huzika kreta ndogo na uso ukaonekana kijana.

Kosa la hesabu ni kipeuo cha pili cha idadi. Kreta 16 katika kilomita za mraba 1,000 zina kosa la 4, yaani robo nzima. Kreta 100 zina kosa la 10. Chati ya kugeuza hesabu kuwa miaka imejengwa juu ya miamba ya Mwezi iliyoletwa na wanaanga wa safari za Apollo, ikarekebishwa kwa Mirihi, kwa hiyo usiandike "miaka milioni 143". Andika kuanzia miaka mingapi hadi mingapi.

Wawili wahesabu picha ileile bila kuoneshana. Hesabu zao zikitofautiana sana, rudini kwenye picha, kreta moja moja.