Ukungu na vidoti vya kijani ukipiga picha kuelekea jua

Mkuu uliyeuliza kwa nini picha zako za jua likizama kwenye zabibu za Hombolo, Dodoma, zinatoka na ukungu mweupe na vidoti vya kijani, na kila programu ya kusafisha inazidi kuziharibu: hayo ni matatizo mawili, na kila moja lina dawa yake.

Kidoti ni taswira ya jua iliyorudishwa na vioo vya ndani ya lenzi. Kwenye simu hukaa mkabala na jua, katikati ya picha ikiwa baina yao, na ukigeuza simu nacho kinahama. Ukungu ni mwanga uliotawanyika ndani ya lenzi ukamwagika picha nzima, ndiyo maana nyeusi inageuka kijivu. Vyote viwili vinaongeza mwanga kabla haujafika kwenye sensa (kipokea mwanga cha kamera), kwa hiyo HDR, yaani simu kuunganisha picha kadhaa za mwangaza tofauti, haikuokoi: kila fremu (picha moja moja) inabeba mwako uleule, yaani vidoti na ukungu. Programu lazima uipe fremu ambazo mwako wake umetofautiana.

Kabla ya yote, bandua protekta ya kioo cha kamera. Kioo kisicho na tabaka la kuzuia uakisi hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga kila upande, na protekta inaongeza pande mbili. Vumbi letu la kiangazi lipulize kwanza, ndipo ufute. Ukianza kusugua, unakwaruza.

Kwa vidoti, funga fokasi na mwangaza kwa kubonyeza skrini kwa muda, zima HDR, kisha piga fremu 5 haraka, kila mara ukigeuza simu digrii 2 au 3. Simu izunguke pale pale ilipo lenzi; ikihama, miti ya karibu haitalingana na vilima vya mbali. Kwenye kompyuta, Hugin, programu ya bure ya kuunganisha picha, inakuja na kifaa cha kupanga fremu zilingane; andika amri hii kwenye terminali:

align_image_stack -a fremu -m -C *.jpg

Kisha ImageMagick, programu ya kuchakata picha kwa amri:

magick fremu*.tif -evaluate-sequence median tokeo.tif

Kila pikseli inachukua thamani ya kati, na kidoti kilichotua hapo kwenye fremu moja tu kinatupwa. Usichague thamani ya chini kabisa: inakusanya chenga za giza, na majani yanayopeperushwa na upepo yanatoka mapana kuliko yalivyo.

Ukungu unahitaji kivuli. Bandika kizibo cha soda kwenye kijiti, kishike sentimita 60 mbele ya simu iliyo kwenye stendi, hadi kivuli chake kifunike lenzi yote. Piga, ondoa kizibo, piga tena bila kugusa mwangaza. Fanya ndani ya sekunde 10, maana jua husogea upana wake mzima kwa takriban dakika 2. Kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, picha ya kivuli ndiyo msingi. Ile nyingine iweke juu na maski nyeusi (inayoificha yote), kisha paka brashi nyeupe laini pale tu kizibo kilipoziba. Kamera yenye lenzi pana inataka mfuniko wa kopo, kwa umbali wa mita moja hivi.

Kama una picha moja tu na ni faili ghafi (RAW, data ya kamera kabla ya kuchakatwa), ifungue kwenye darktable, programu ya kusafisha picha za aina hiyo, nenda moduli ya mwangaza, urekebishe kiwango cha nyeusi hadi vivuli virudi. JPEG haikubali vizuri, thamani zake za mwanga zimeshapindwa. Na pale ukungu ulipounguza picha hadi nyeupe tupu, hakuna cha kutoa. Rudi na kizibo.